Chapa ya Mzuri na Jazi ya Morogoro, Kama Zinavyoonekana kutoka Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Masika yanapofika mto hufurika, na maji yale yale yanayolisha mpunga wa Ifakara ndiyo yaliyokuwa yakikata njia zake. Kabla ya reli kupita huko katika miaka ya 1970, mwenye duka wa Ifakara aliyeagiza bidhaa ya mbali aliingojea kwa lori, kwa njia ya Mikumi na Kidatu. Yule wa Mahenge alingoja zaidi, maana baina yake na lori palikuwa na mto wa kuvukwa kwa kivuko, na daraja kubwa la Kilombero halikufunguliwa mpaka mwaka 2018. Wataalamu wa dunia wanaijua Ifakara kwa uchunguzi wa malaria, tangu Rudolf Geigy wa Basel alipoanzisha maabara mjini humo mwaka 1957. Katika historia ya santuri jina lake halisikiki sana, wala mtafutaji wa studio za zamani hana haja ya kuanza safari yake huko.

Hata hivyo historia ya kampuni ya santuri ina ncha mbili. Ncha moja ni chumba cha kupigia muziki, chenye kipaza sauti na mwenye mali anayehesabu gharama zake. Ncha ya pili ni mahali ambapo wimbo unasikilizwa na mtu asiyemjua mwimbaji, asiyemjua mwenye mali, na ambaye pengine hatayaona maisha yake yote majiji yale mawili. Waandishi wengi wameitazama historia hii kutoka ncha ya kwanza. Ikitazamwa kutoka ya pili, mambo fulani huonekana wazi zaidi, na la kwanza ni hili: muziki wa jazi wa mkoa wa Morogoro, ambao bonde la Kilombero ni sehemu yake, ulipata umbo la santuri nje ya mkoa, na baadaye nje ya nchi.

Neno jazi lenyewe lataka kuelezwa, ili msomaji asidhani kwamba panazungumzwa habari za Louis Armstrong na Duke Ellington. Katika Tanganyika neno hilo liliingia katika majina ya vyama vya muziki wa dansi tangu miaka ya 1930, na likawa alama ya bendi yenye vyombo vya kisasa, ili kuitenga na ngoma kwa upande mmoja na taarab kwa upande wa pili. Ikawa Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz. Morogoro Jazz iliundwa mwaka 1944. Bendi hizo zilipiga rumba, cha-cha na bolero zaidi kuliko jazi ya Wamarekani weusi, na mara nyingi gitaa ndilo lililokuwa bwana wa jukwaa. Neno lilisafiri bila mzigo wake, likapakiwa mzigo mwingine njiani. Jambo hilo si aibu. Lugha yetu imeyafanyia maneno mengi hivyo.

Santuri za Kiswahili zilitangulia bendi hizo. Mwezi Machi mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimchukua Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja kwenda Bombay kupigwa santuri. Biashara ilistawi kupita matarajio, na kufikia mwaka 1931 santuri zao zilizouzwa zilikwisha kupita 70,000. Kampuni nyingine za Ulaya zikaja mbio kutafuta waimbaji wa pwani. Kisha dhiki ya uchumi ikaikumba dunia, na baada yake vita, na wakubwa wale wa London na Berlin wakaona kwamba soko la Afrika Mashariki halistahili tena gharama ya kuleta mafundi na mitambo. Kilichoendelea kuletwa ni santuri zilizokwisha kutengenezwa kwingine. Zilizopendwa kuliko zote ni zile zilizokuwa na herufi GV mbele ya namba zake, ambazo kampuni ya His Master's Voice ilianza kuzitoa mwaka 1933, zikiwa zimejaa muziki wa Kuba na nchi za jirani yake. Vijana wa miji ya bara wakajifunza rumba kutoka kwa sahani hizo, wakikariri maneno ya Kihispania ambayo maana yake hawakuijua.

Nafasi iliyoachwa na kampuni kubwa ilijazwa na wenye maduka. Hawa walikuwa zaidi Waasia wa Nairobi na Mombasa, wafanyabiashara waliouza vinanda vya santuri na sindano zake, na ambao kila siku walimsikia mnunuzi akiuliza nyimbo za lugha anayoielewa. Ni jambo la akili kwamba muuzaji wa vinanda ataka santuri ziwepo, kama muuzaji wa taa atakavyo mafuta ya taa. Baada ya vita zikatokea chapa nyingi ndogo zisizo za kampuni za Ulaya. Nairobi ilikuwa na Capitol Music Stores, na African Gramophone Stores, na East African Records iliyotoa santuri za chapa ya Jambo. Mapema katika miaka ya 1950 Nairobi ikapata kiwanda cha kufyatua santuri, na tangu hapo haikuwa lazima tena kupeleka kila wimbo Ulaya au Bara Hindi na kuungoja urudi kwa meli.

Mombasa palikuwa na duka la Assanand na Wanawe. Duka hilo likaanzisha chapa yake lenyewe, likaiita Mzuri. Mwanafunzi wa sarufi atatabasamu kidogo, kwa kuwa santuri ni nzuri wala si mzuri. Sifa hii imekosa jina lake, na aonaye karatasi ya katikati ya sahani hana budi kulijaza mwenyewe: mwimbo mzuri, muziki mzuri, pengine mwimbaji mzuri. Chapa nyingine za wakati ule zilifuata mkondo huo huo wa kuchukua neno jepesi la sokoni, kama Jambo. Kampuni za Ulaya zilikuwa na nembo za mbwa, simba na majina ya Kilatini. Hizi za Afrika Mashariki zilimsalimu mnunuzi kwa lugha yake kabla hajatoa fedha.

Mzuri ilitoa taarab za pwani, kama ilivyotazamiwa kwa duka la Mombasa. Lakini mwenye duka hakukomea kwenye mitaa ya mji wake. Miongoni mwa waliopigiwa santuri na chapa hiyo alikuwamo Salum Abdallah wa Morogoro pamoja na bendi yake ya Cuban Marimba, na kwa habari za jazi ya Tanganyika hapana jina lililo kubwa kuliko hilo katika orodha yake.

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Husimuliwa kwamba katika ujana wake aliipenda mno rumba ya santuri hata akatoroka nyumbani kwa nia ya kupanda meli kwenda Kuba, akafika Mombasa, na safari ikaishia hapo. Mwaka 1948 aliunda bendi mjini kwao, akaiita La Paloma, na baadaye ikageuka kuwa Cuban Marimba. Kuna jambo la kushangaza katika jina hilo ambalo wapenzi wake wengi hawakulifikiria. Marimba ni neno la Kibantu. Lilivuka bahari ya Atlantiki pamoja na watumwa, likakaa Amerika karne kadha, kisha likarudi Morogoro limevaa kofia ya Kuba, likapokewa kama mgeni wa heshima katika nchi ambayo Wazaramo na Wagogo hawakuwahi kuacha kuyapiga marimba yao ya mkononi.

Nyimbo zake zilikuwa za Kiswahili, zenye Kihispania cha mapambo hapa na pale. Alisema juu ya mapenzi, shemeji, wivu na mji, na Uhuru ulipofika mwaka 1961 alisema juu ya nchi. Wimbo wake wa Wangu Ngaiye bado waimbwa na wazee. Alikuwa mtungaji aliyejua kufupisha, na kwa jambo hili santuri ilikuwa mwalimu wake mkali.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana watu huzungumza juu ya santuri kana kwamba ilikuwa chombo cha kupokea tu. Sahani ya inchi kumi iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba muziki wa dakika tatu hivi kila upande. Katika ukumbi wa dansi wimbo ungeweza kwenda robo saa, mwimbaji akirudia kiitikio kadiri wachezaji watakavyo, na mpiga gitaa akiingia na kutoka kama mtu aliye nyumbani kwake. Mbele ya kipaza sauti uhuru huo ulikwisha. Mwanzo ulipaswa kushika sikio mara moja, beti zikachaguliwa, gitaa likapewa nafasi yake iliyopimwa, na mwisho ukapangwa. Wimbo wa santuri kwa hiyo si nakala ya wimbo wa ukumbini. Ni utungo mwingine, wenye ukaribu zaidi na shairi la mizani kuliko na maongezi. Mtu wa Morogoro mjini aliweza kuujua muziki wa Salum Abdallah kwa namna zote mbili. Mtu wa Ifakara au Malinyi, ambaye bendi haikumfikia kila mwezi, aliujua zaidi kwa umbo hilo lililofupishwa, na kwake hilo ndilo lililokuwa wimbo wenyewe.

Baadaye sahani ndogo za mizunguko 45 zilizichukua nafasi zile nzito. Kwa mkazi wa mwisho wa njia mbovu mabadiliko hayo yalikuwa na maana kubwa kuliko alivyoweza kudhani mtu wa Nairobi. Santuri ya zamani ilivunjika kama kigae, na lori la Kidatu halikuwa na huruma kwa vitu vya kuvunjika. Sahani mpya ilikuwa nyepesi na haikuvunjika upesi, na vinanda vya betri vilizisikilizisha mahali pasipokuwa na umeme. Katika miaka ya 1970 ikawa desturi kuukata wimbo mmoja pande mbili: sehemu ya kwanza yenye maneno, na sehemu ya pili yenye chemko, pale magitaa yanapokimbia na wachezaji wanapotoa jasho. Msikilizaji alilazimika kuinuka katikati ya wimbo, kuigeuza sahani, na kuirudisha sindano. Kimya hicho kifupi cha kugeuza sahani hakikutungwa na mtu yeyote, lakini kizazi kizima kilikizoea kama sehemu ya muziki.

Mwezi Novemba mwaka 1965 Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari. Juma Kilaza akaishika Cuban Marimba na kuiongoza miaka mingi, na mashindano kati yake na Morogoro Jazz, ambako kijana Mbaraka Mwinshehe alikuwa ameingia karibu na wakati huo, yaliufanya mji wa Morogoro usifiwe kwa muziki kuliko ukubwa wake ulivyoruhusu.

Lakini mtu akitaka kuipima chapa kama Mzuri kwa haki, hana budi kuuliza nani alikuwa mwenye wimbo baada ya kupigwa santuri. Desturi ya biashara hiyo katika Afrika Mashariki ilikuwa kumlipa mwanamuziki mara moja, kwa wimbo au kwa siku ya kazi, na mkono ukapeana mkono. Santuri ikiuzwa mia au ikiuzwa maelfu, hesabu iliyobaki ilikuwa ya mwenye chapa. Wako wanaouita utaratibu huo unyonyaji, na neno hilo si geni katika nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967. Wako wanaojibu kwamba mwenye duka alibeba hasara ya sahani zisizouzwa, na kwamba bila yeye nyimbo zile zingalikufa pamoja na usiku zilipopigwa. Majibu hayo mawili yote ni ya kweli, na ukweli wa moja haufuti wa jingine. Lililo zito zaidi ni kwamba mtungaji hakuwa na njia ya kujua wimbo wake umefika wapi. Mpunga wa Ifakara ulipimwa kwa mizani mbele ya macho ya mkulima, hata kama mizani hiyo ilikuwa na hila. Wimbo haukupimwa mbele ya mtu.

Na bado mwenye chapa binafsi alikuwa na sifa moja ambayo warithi wake hawakuipata kwa urahisi: alilazimika kusikiliza. Hakuwa na serikali nyuma yake wala kampuni ya Ulaya ya kumfidia. Akitoa santuri isiyopendwa, ilimrudia dukani. Kwa hiyo orodha ya chapa ndogo ni ushahidi wa aina yake juu ya masikio ya watu wa kawaida, wale ambao hawakuandika barua kwa magazeti. Kila sahani iliyofyatuliwa mara ya pili ilifyatuliwa kwa sababu watu wasiojulikana majina yao, katika miji ya reli, mashamba ya katani na masoko ya mpunga, walikwisha kutoa shilingi zao.

Mrithi wa kwanza alikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ilizipiga bendi katika studio yake na kuzihifadhi katika kanda, na mawimbi yake hayakujali mafuriko ya Kilombero. Wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kidatu, kilichoanza mapema katika miaka ya 1960, na wavuvi wa mtoni waliweza kusikia wimbo mpya siku moja na watu wa Dar es Salaam. Hilo lilikuwa tendo kubwa la usawa. Lakini redio haikuwa duka. Msikilizaji hakuweza kuushika wimbo, kuurudia apendavyo, wala kumzawadia mtungaji kwa kuununua, aliungoja upigwe. Bendi zilipata sifa nchi nzima, na sifa hiyo ziliigeuza kuwa fedha kwa kusafiri na kupiga dansi za kiingilio, basi likiwa limebeba vyombo kutoka mji hata mji.

Tanzania haikupata kuwa na kiwanda chake cha santuri kilichofanya kazi katika zama hizo. Shirika la Filamu Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1968, lilipewa baadaye jukumu la santuri za muziki wa nchi, na mpango wa kujenga kiwanda haukufika mwisho wake. Nyimbo zilizopigwa Dar es Salaam ziliendelea kufyatuliwa Kenya. Wanamuziki wenyewe waliifuata njia hiyo kwa miguu yao: ndugu wa Kinyonga waliotoka Tanga walihamia Kenya mapema katika miaka ya 1970, wakawa Simba Wanyika. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda Osaka na Morogoro Jazz katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, na aliyeunda Super Volcano mwaka 1973, santuri zake za kupendwa sana zilitolewa Nairobi kwa chapa ya Polydor. Hapo mwendo ulikuwa umegeuka tena. Polydor ilikuwa tawi la kampuni kubwa ya Ulaya. Wakubwa walioondoka katika miaka ya 1930 walirudi wakiwa na mitambo mizuri zaidi, wakakuta soko limekwisha kulimwa na wenye maduka.

Kisha yalitokea mambo mawili kwa mfuatano ambao mtunzi wa hadithi angeogopa kuubuni. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa tangu mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwezi Julai 1976. Ilipita katikati ya bonde, ikaacha stesheni Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Kwa mara ya kwanza mtu wa Ifakara aliweza kupokea sanduku la bidhaa masika na kiangazi bila kuuliza hali ya barabara. Na mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukakaa umefungwa mpaka mwaka 1983. Njia ya kwenda Ifakara ilifunguka, na njia ya kutoka kiwandani ikafungwa. Santuri za Morogoro zilikuwa upande mmoja wa mpaka, na Morogoro upande wa pili. Mbaraka Mwinshehe mwenyewe alikufa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwezi Januari 1979, katika nchi ambayo mpaka wake na nchi yake ulikuwa umefungwa. Nyimbo zake zilitolewa tena huko katika mfululizo ulioitwa Ukumbusho.

Mpaka ulipofunguliwa santuri yenyewe ilikuwa inakufa. Kaseti ilikuja, na kila mwenye mashine mbili akawa na kiwanda. Chapa ndogo za Mombasa na Nairobi hazikuwa na ngome ya kujikingia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, iliyokuja kumtazama mwimbaji na mpigaji pamoja na mtungaji, ilitungwa mwaka 1999, wakati wengi waliostahili kulindwa nayo walikuwa kaburini.

Kanda za redio zingali Dar es Salaam, maelfu kwa maelfu, na shirika la utangazaji la taifa limezirithi. Santuri za Mzuri zimetawanyika. Baadhi zilikusanywa na Werner Graebner, mchunguzi wa Kijerumani, na mwaka 2000 chapa ndogo ya Ujerumani iitwayo Dizim ilitoa nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba za miaka ya 1955 hadi 1965 katika sahani moja ya kung'aa, kwa jina la Ngoma Iko Huku. Karatasi yake ya maelezo inapatikana katika maktaba za vyuo vya Ulaya na Marekani. Katika bonde la Kilombero nyimbo hizo hupatikana kwa simu, zikiwa zimepakiwa na watu wasiojulikana, mara nyingi bila jina la bendi, bila mwaka, na bila jina la duka la Mombasa lililozilipia mara ya kwanza.